Mchekeshaji Aliyeomba Kulala Kilema

Baba yangu alibatizwa Aloisi, mzaliwa wa Kilema, mahali ambapo kengele ya misioni husikika hata upepo ukiwa wa kinyume. Mama yangu aliitwa Manka, mzaliwa wa Kirua, akaletwa Kilema akiwa msichana ambaye hakuwahi kulala nje ya nyumba ya baba yake. Hao wawili nawataja kwa sababu anayesema mbele za watu yampasa aseme kwanza ametoka kwa nani. Baada yao sitamtaja mtu mwingine kwa jina. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnajua pia kwamba mimi sikuketi darasani hata siku moja. Ninasema, mjukuu wangu anaandika, kisha ananisomea, na pale alipotia maneno yake namwamuru afute.

Safari hii nina msiba. Amefariki mtu aliyekuwa mwigizaji na mtunzi wa vichekesho vya televisheni huko Kanada. Alikaa nyumbani kwangu miaka mitatu alipokuwa kijana, akaniita mama tangu wakati huo hadi mwisho wake, nasi tukamwita Mwalimu. Habari ilikuja kwa barua. Mjukuu wangu aliifungua jikoni nilipokuwa namenya ndizi za mtori, akaanza kuisoma kimya, jambo ambalo nimelikataza siku zote.

"Soma kwa sauti. Barua ni yangu."

"Bibi, Mwalimu amefariki. Moyo ulisimama akiwa kazini."

"Wamemzika lini?"

"Hawajamzika, Bibi. Wamemchoma."

"Wamemchoma nani?"

"Mwenyewe ndivyo alivyotaka. Kwao ni jambo la kawaida. Yamebaki majivu, na aliacha ameandika kwamba sehemu yake izikwe hapa. Kihambani. Aliyeandika barua anauliza kama utakubali."

Nikaweka kisu chini. Msomaji asiye wa mlimani aelewe kwamba kihamba ni shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba na kahawa, na ndimo tunamozika watu wetu. Hatumziki humo mpangaji wala rafiki, hata awe mwema kiasi gani. Anayelazwa humo amehesabiwa kuwa wa nyumba. Kwa ombi lile marehemu alikuwa ananiuliza kama alikuwa mtoto wangu au mgeni wangu, na safari hii hakuwapo kunichekesha ili nisijibu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye msemaji wa ukoo. Kesho yake asubuhi alikwisha kupata habari, akaja na fimbo yake na neno lake tayari mdomoni.

"Shemeji, majivu tunayo jikoni. Ya nini kuagiza mengine Kanada?"

"Kaa kwanza."

"Nakaa, lakini nasema. La kwanza, huyo si wa ukoo. La pili unalijua, sitaki kulitamka mbele ya mtoto."

"Mtoto ndiye aliyenisomea barua. Litamke."

Hakulitamka. Alikunywa chai yangu, akasema ukoo utakutana Jumapili baada ya misa, nami nijiandae kukataa kwa upole ili pasiwe na aibu kwa yeyote.

La pili nitalitamka mimi. Marehemu alikuwa mwanamume aliyempenda mwanamume mwenzake, na huyo aliyeandika barua ndiye aliyeishi naye katika nyumba moja hadi kifo. Marehemu alilisema jambo hilo kwa mdomo wake katika televisheni ya nchi yake. Sioni kwa nini mimi nimfichie katika gazeti la Moshi. Kuna watu wameniuliza amekufa kwa nini, kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari. Nimekwisha kusema: moyo. Aliutumia sana.

Alikuja Kilema miaka ile ambayo sukari na sabuni tulizipata kwa foleni, na neno ruksa la rais mpya lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kusikika. Alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya hapa, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu kupita kitanda nilichompa. Kiswahili alikipata upesi, na Kichagga kidogo cha kusalimia na cha kutania. Lakini kipaji chake halisi kilikuwa kuwaiga watu. Siku za kupima kahawa, tulipokuwa tumekaa juu ya magunia yetu nje ya ghala tukimngoja karani, yeye alisimama mbele yetu akawa karani. Akawa mwenye duka anayeapa kwamba sabuni haipo huku ameikalia. Watu wazima walicheka hadi wakashika mbavu, na foleni ya saa nne ikapita kama ya nusu saa. Siku moja nikafika na mzigo wangu kichwani, nikamkuta amejifunga kitenge, ameukunja uso, anamnyoshea kidole karani ambaye hakuwapo: "Kijana, mizani yako ina njaa kuliko wewe!" Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mimi, wiki iliyotangulia, mbele ya watu wote. Ghala zima lilicheka. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja tu nyuma, na mimi sikuwa nimecheka tangu tumzike. Nikaenda nyumbani nikamwekea mzigo wake nje ya mlango.

Mwalimu mwenzake akamshauri kwamba mlimani mkosaji huja na sale. Ni mmea wenye majani marefu, na jani lake likishikwa mkononi na mtu anayeomba radhi, aliyekosewa hawezi kumfukuza. Ushauri ulikuwa sahihi. Lakini kijana wa watu hakujua kwamba masale hayo hayo ndiyo tunayopanda kuweka mipaka ya vihamba, na sale la mpaka haling'olewi na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Tena aliona jani moja ni dogo kwa kosa lake. Alfajiri akang'oa matatu mazima, na mizizi na udongo wake, akapiga magoti mlangoni kwangu ameyakumbatia. Aliyang'oa katika mpaka kati yangu na shemeji yangu, mpaka ambao shemeji alikuwa akiutazama kwa jicho refu tangu nibaki mjane.

Kabla sijafungua kinywa, shemeji alikuwa amefika, panga mkononi. "Nani amehamisha mpaka? Mwanamke, kaka yangu hajaoza!"

"Ni mimi," akasema yule kijana, bado yuko magotini. "Nilikuwa naomba samahani."

"Samahani umeing'oa shambani kwangu!"

Nilijua hatari yake. Mashimo yakizibwa, ukoo ungeambiwa mpaka haukuwahi kupita pale, na mjane hana shahidi. Kijana alituangalia mmoja mmoja, akaelewa alilofanya, akakimbia hadi kwenye mashimo. Akaingia katika shimo la kati, akainua mikono juu, akajitia majani kichwani, akasimama. "Basi mpaka ni mimi," akasema. Majirani wakaja. Manyunyu yakaanza. Shemeji akamzunguka, akapima kwa hatua, akasema, "Sogea kushoto kidogo." Nikapiga kelele, "Usisogee!" Shemeji akarudia, kwa ukali zaidi. Kijana, macho yake mbele kama mlinzi wa benki, akajibu, "Mzee, mimi ni sale. Sina masikio." Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye tope na nguo yangu ya matanga, na shemeji mwenyewe, panga limemponyoka, akacheka pia. Wazee walipofika waliyarudisha masale palepale alipokuwa amesimama, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimeona. Mpaka wangu haujasogea hadi leo.

Aliporudi kwao niliambiwa amekuwa mchekeshaji, nami nikasema basi hajapata kazi bado. Nilikuwa sijaelewa. Alianza katika kumbi ndogo ambamo watu hunywa pombe na kuzungumza wakati wewe unaigiza. Kisha televisheni ikamchukua kwa nafasi za jirani, mhudumu, mtu wa kupita tu na kusema neno moja. Neno hilo moja alilisema vizuri hadi wakamwongezea. Ndipo wakubwa wa kituo wakamwita. Wakamwambia ana kipaji, lakini waandishi wakimuuliza, aseme ana mchumba wa kike. Hata picha ya binti wa kusimama naye walikuwa wamekwisha kuiandaa. Akakataa, mkataba haukuendelea, akaosha vyombo hotelini. Aliniandikia hayo yote bila kulalamika, ila sababu ya kukataa hakuiandika. Aliandika tu kwamba walitaka aigize hata baada ya taa kuzimwa, na yeye kazi yake inakwisha taa zikizimwa. Asubuhi, kabla ya vyombo, alikuwa anaandika mchezo wake mwenyewe. Kituo kingine, kidogo, kikauchukua. Ulidumu miaka mingi. Aliuandika yeye, akaigiza ndani yake watu wanne tofauti, na wa tano alikuwa yeye mwenyewe, kama alivyo, bila mchumba wa kuazima.

Wakati huo televisheni zilikwisha kuingia Moshi. Akanitumia kanda. Tuliipeleka kwa mwanangu anayekaa Rau, tukaitia kwenye deki, tukaona mistari tu inayopanda na kushuka. Fundi mmoja wa mjini akatuambia kanda za huko hazisomeki na mashine zetu, ila yeye anayo inayosoma zote. Tukakaa dukani kwake juu ya maboksi, mimi, mwanangu, na shemeji aliyesema ana shughuli zake mjini. Nikaona kwenye kioo mwanamume amesimama shimoni, majani kichwani, na familia mbili za kizungu zinagombana kulia na kushoto kwake. Nikaona mama mmoja mzee, kitenge kiunoni, anatembea kama mtu anayekwenda kumkaripia padri. Fundi akageuka akanitazama, akatazama kioo, akanitazama tena. "Bibi, samahani. Si wewe huyu?" Shemeji akajibu kwa niaba yangu: "Ndiye. Ila huyu wa kwenye kioo ana huruma kidogo."

Wasomaji wangu, nilitoka dukani mle nimeinua kichwa. Miaka ile ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia vijijini na malori yao, wakinunua chochote kilichofanana na kahawa. Watu wetu, ambao wazazi wao walichuma nyekundu tupu, wakaanza kuchanganya mbichi na mbivu, iliyokauka na iliyoloa, mradi gunia lijae, kwa kuwa mnunuzi hakutia mkono ndani. Baba yangu alinipiga kofi nikiwa na miaka saba kwa kuchuma punje moja ya kijani. Sasa nilikuwa nazeeka katika nchi ambayo kijani na nyekundu vilikuwa kitu kimoja. Tuliambiwa ndiyo soko huria, kila mtu auze alichonacho namna awezavyo. Sikatai. Nguo nimepata, sabuni nimepata, na mwanangu ana duka. Lakini nilipomwaza yule kijana aliyekubali kuosha vyombo kuliko kuchanganya uongo katika kazi yake, niliona kwamba mchumaji wa mwisho wa nyekundu niliyemjua alikuwa Kanada, na kazi yake ilikuwa kuchekesha. Nilijivuna, na ninajivuna.

Lakini safu hii haijawahi kumsifu mtu na kuficha kosa langu. Baadaye alikuja kututembelea, na alikuja na mwenzake, mtu mpole mwenye miwani. Nilinunua mbuzi. Kabla ya kuchinja aliniomba tutembee migombani.

"Mama, nataka kukuambia jambo kabla sijala nyama yako."

"Sema."

"Huyu si rafiki wa safari. Ndiye mtu wangu. Niko naye kama ulivyokuwa na mzee."

"Usimtaje mzee."

"Basi simtaji. Lakini ndivyo ilivyo."

Sikulielewa jambo hilo, na leo pia sidai kulielewa. Nilirudi uani, naye akanifuata nyuma bila mzaha wowote. Mlimani mbuzi hagawanywi ovyo. Kila sehemu ina mtu wake, na anayegawa humkatia mtu kwa kadiri alivyo katika nyumba, hivyo kwamba ukitazama sahani unajua nani ni nani. Shemeji alikuwa anagawa. Akamkatia Mwalimu sehemu ya mtoto wa nyumba, bila kuuliza, na watu wakapiga makofi. Kisha akainua kisu. "Na huyu wa pili nimkatie kama nani?"

Mwalimu alinitazama mimi tu.

"Mgeni," nikasema.

Akakatiwa ya mgeni. Mwalimu akainamisha kichwa kidogo, kisha akasimama akamwiga shemeji akigawa nyama, na ua wote ukalia kwa kicheko. Nilijua alikuwa ananifunika mimi. Yule mgeni wangu alikula akashukuru. Siku zilizobaki alikaa jikoni, akamwomba mjukuu wangu, aliyekuwa mdogo wakati huo, amwonyeshe hatua kwa hatua namna ninavyopika mtori, akaandika yote kwenye daftari, kwa sababu, alisema, majira ya baridi Mwalimu huwa analalamika hadi apate. Niliyasikia hayo nikiwa nimewapa mgongo. Nilikaa na mume miaka thelathini na miwili, ninajua maana ya mtu kuandika chakula cha mwingine kwenye daftari. Siku ya kuondoka Mwalimu alinishika mikono yote miwili. "Mama, usihuzunike. Hata mimi mwaka wa kwanza ulinipa kiti cha mgeni." Alidhani tuna miaka mingine. Mimi pia.

Jumapili ukoo ukakutana uani kwangu. Walisema wengi, na kwa heshima. Mmoja alisema tutachekwa hadi Moshi mjini. Mwingine alisema mtu azikwe kwao. Shemeji alihitimisha: ardhi hii ni ya waliozaliwa katika ukoo, na marehemu, pamoja na wema wake, hakuzaliwa humu. Kisha akanipa nafasi nikatae kwa upole.

"Shemeji," nikasema, "mama yako alizaliwa wapi?"

"Mama yangu? Kule Mamba."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko pale, kando ya baba. Lakini mama yangu unamwingiza wapi katika mambo haya?"

"Palepale alipolala. Alitoka kwa watu wengine, akaletwa na aliyempenda, akalazwa kando yake. Mimi nami sikuzaliwa katika ukoo wenu. Wanawake wote walio katika udongo huu hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika ukoo huu. Mkisema ni ya waliozaliwa humu tu, anzeni kutufukua sisi."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Shemeji alichora chini kwa fimbo yake muda mrefu.

"Huyo alikuwa mwanao?" akaniuliza.

"Alikuwa mwanangu. Nilichelewa kusema, ndiyo maana nasema kwa sauti."

Wawili waliondoka bila kuaga, na sitajifanya hawakuondoka. Wengine walibaki wakanywa mbege. Shemeji ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka. "Shemeji, umenishinda kwa mama yangu mwenyewe," akasema. "Kesho nitakuja na jembe. Wewe huna mgongo wa kuchimba."

Nimeishi kiasi cha kutosha kuwaona watu wengi wakiwalilia marehemu wao kwa maneno mazuri ambayo hawakuwapa walipokuwa hai. Mimi ni mmoja wao. Mtu wako mkubali angali anakula sahanini kwako, maana baadaye utabaki unajadiliana na ukoo juu ya majivu. Hilo ndilo nililojifunza, nami nimelipia.

Sasa mjukuu wangu, haya ni yako, lakini yaandike gazetini hapa hapa ili usije ukasema sikukuambia. Jibu la barua limekwenda: aje, aje kabla ya masika, asikae hotelini. Barua zote za Mwalimu zitunze katika sanduku langu la bati, usizikopeshe kwa mtu yeyote wa gazeti. Kanda itunze hata kama mashine za kuisoma zitakwisha. Daftari lile la mtori, akija nalo, usimsahihishe mbele za watu hata kama alikosea chumvi. Baba yako atakapotaka kulima mboga upande wa chini, mwache, ila pale alipochimba shemeji asipande kitu. Upande wa kulia wa shimo hilo nimepima hatua mbili, nikaweka mawe. Hatua hizo mbili zitunze kuliko vyote nilivyotaja. Watu watapita, wataona nafasi tupu kando ya kaburi, watakuuliza imeachwa kwa ajili gani. Waambie ina mwenyewe.